Siku za baharini nazo ni malighafi

Simu ililia baada ya adhuhuri, nikiwa stoo nahesabu vijiti vya kuchomelea. Aliyepiga alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa mwani, Micheweni, Pemba. Hakugomba. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja: "Mwanangu, mwani umekauka zamani, umejaa ghalani mpaka mlangoni. Mashine yetu iko wapi?"

Mashine yake ilikuwa mbele ya macho yangu. Imesimama katikati ya karakana, imepakwa rangi, mota imefungwa, mkanda umevishwa, na kibati cha namba kimeshapigwa ribiti. Ilikosa beringi moja tu. Na mle stoo nilimokuwa mlikuwa na beringi zaidi ya 20, mpya, bado zimo ndani ya maboksi yake, na hata moja haikuingia kwenye shafti ya mashine ile.

Nikamjibu, "Kesho kutwa inshallah, bi mkubwa." Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyozoea kusema. Beringi ilifika kutoka Dar es Salaam siku ya nne. Mashine ikapelekwa bandarini siku ya saba. Ilikuwa Julai, kusi limechachamaa, jahazi likakaa bandari ya Malindi, hapa Unguja, halitoki. Akina mama walipokea mashine yao siku ya 19 tangu simu ile, na mwani uliokuwa karibu na mlango ulikuwa umeshavuta unyevu na kuota ukungu. Hawakutudai kitu. Walinitajia tu idadi ya magunia waliyoyamwaga, nami nikaiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu: magunia 11.

Ulikuwa mwaka 2021. Tangu hapo kazi yangu imebadilika, na nataka kueleza imebadilikaje, kwa sababu najua karakana nyingi hapa kwetu ziko pale tulipokuwa sisi siku ile.

Karakana yetu iko upande wa Amani, Unguja. Tuko watu 14 pamoja na tajiri. Tunatengeneza mashine za kusagia mwani, mitungi ya kukamulia mafuta ya mimea kwa mvuke, mashine za kukunia nazi, vichanja vya kukaushia karafuu, na minara ya matangi ya maji, ambayo ndiyo inayolipa mishahara miezi isiyo na oda nyengine. Wateja wetu wengi wako mashamba na Pemba. Mimi niliajiriwa kutunza stoo, nimetoka skuli na cheti cha hesabu. Chuma nimekijulia hapohapo, kwa kuuliza.

Baada ya magunia yale 11 nilimwendea tajiri nikamwambia tunahitaji mfumo wa ERP. Neno nilikuwa nimelisikia kwenye mafunzo ya uhasibu, na watu wengi wakilisikia huona picha ya kiwanda cha magari Ujerumani. Jina lake ni zito, kupanga rasilimali za biashara nzima, lakini kazi yake inaelezeka kwa maneno machache. Ni daftari moja mahali pa madaftari matano. Oda ya mteja, vitu vya stoo, manunuzi, kazi iliyo mikononi mwa fundi, na fedha, vyote huandikwa pamoja, na namba ikishaandikwa mara moja kila mtu anaiona ileile.

Sisi tulikuwa na leja ya stoo kwangu, kitabu cha oda kwa tajiri, vocha kwenye faili la mhasibu anayekuja Jumamosi, daftari la bei za wauzaji lililozunguka kila meza, na kitabu cha tano kilikuwa kichwani mwa fundi mkuu. Kila kimoja kilisema kweli yake. Leja yangu ilisema beringi zipo, na zilikuwepo. Kitabu cha tajiri kilisema mashine itakwisha Alkhamisi. Fundi mkuu alijua kwamba shafti za siku hizi si zile za zamani, akidhani na mimi najua.

Kabla ya kununua chochote nilisoma sana, na jambo lililonifungua macho halikuwa la kompyuta. Joseph Orlicky alifanya kazi kwenye kampuni ya matrekta ya J. I. Case huko Marekani, kisha kampuni ya kompyuta ya IBM, miaka ya 1960, wakati viwanda viliendesha stoo kwa mazoea: kitu kikipungua chini ya kiwango fulani, agiza chengine. Yeye akasema mahitaji ni ya namna mbili. Trekta anayelitaka ni mkulima, na mkulima huwezi kujua atakuja lini, kwa hiyo hapo utakisia. Lakini gurudumu analitaka nani? Gurudumu linatakiwa na trekta. Ukishajua matrekta mangapi utaunda, magurudumu huna haja ya kuyakisia, unayahesabu.

Mimi miaka yote nilikuwa nakisia beringi.

Chukua oda ya mashine 6 za kusagia mwani. Kila moja ina beringi 2, kwa hiyo 12. Stoo zimo 5, lakini moja imewekewa mashine ya Nungwi inayokuja kutengenezwa, kwa hiyo za kutumia ni 4. Zinatakiwa 8. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Ugumu wake ni kwamba mashine ina aina 63 za vitu, na oda haziji moja moja. Zinakuja tatu kwa pamoja, moja inabadilishwa, nyengine inasimama kwa kukosa malipo ya awali. Kichwa cha mtu kinaweza kushika mashine moja vizuri sana. Kushika tisa, zenye tarehe tofauti, hakiwezi, na si kosa lake.

Hesabu hiyo ya Orlicky na wenzake ndiyo iliyokua ikawa mifumo ya leo. Miaka ya 1980 wakaongeza saa za mashine na za wafanyakazi, kisha fedha na watu, na jina la ERP likatolewa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990. SAP, kampuni ya mifumo hii inayojulikana kuliko zote, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Bei zake ni za wakubwa. Lakini siku hizi zipo programu za wazi, ambazo msimbo wake unapatikana bila kununua leseni: Odoo iliyoanzia Ubelgiji, ERPNext iliyoanzia India, na nyengine. Sisi tulichukua moja ya hizo za wazi, tukamlipa kijana mmoja wa hapa Mjini aliyesomea kompyuta atuwekee. Kabla yake alikuja muuzaji wa mfumo mwengine, akatuonesha michoro ya rangi kwa saa mbili na bei ya kila mtumiaji kwa dola, kila mwezi. Hakuuliza hata mara moja tunatengeneza nini. Tajiri alimpa chai akamshukuru.

Programu ikawekwa kwa siku mbili. Ilikuwa tupu kama nyumba isiyo na samani. Kuijaza kulichukua miezi mitano, na miezi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza zaidi, kwa sababu huko ndiko karakana nyingi zinakofia njiani.

Kitu cha kwanza inachotaka ni orodha ya vitu vinavyounda kila mashine. Orodha tulikuwa nayo, imechapwa zamani, ndiyo niliyokuwa nikinunulia. Fundi mkuu akaniambia, "Mwanangu, usiandike kutoka kwenye karatasi. Andika kutoka kwenye mashine." Jumamosi moja tukatandika mkeka mkuukuu uani, tukashusha mashine ya kusagia mwani iliyokuwa tayari kuuzwa, naye akaanza kuifungua. Kila kipande alichokitoa alikipangusa, akakitaja, akakilaza juu ya mkeka. Mimi naandika. Mkanda. Puli kubwa, puli ndogo. Bolti za milimita 10, urefu sentimita 3, kumi na mbili. Nyundo za ndani, 16, bamba la milimita 6. Chekeche.

Chekeche nikalishika. Lilikuwa la stenlesi. Kwenye orodha ya zamani limeandikwa la bati la kawaida.

"Ami, hili si lile."

"Lile chumvi ya mwani ililila kwa miezi mitatu likawa kama kanga iliyochakaa. Niliacha zamani. Nanunua vipande vya stenlesi mwenyewe, tajiri ananirudishia."

Nikaandika. Tukaendelea mpaka akatoa shafti na beringi zake mbili, akanipa moja mkononi. Nje ya nyumba yake, lile kasha la chuma linaloishika, pamesimama namba: 206. Nikatazama karatasi yangu. 205. Nikaisoma tena kwa sauti.

"Ee," akasema, bado anapangusa shafti. "Ya 25 ilikuwa inatetema ukiipa mwani usiokauka sawasawa. Nikamwambia wa kerezo aifanye 30. Ilikuwa kabla ya Ramadhani, mwaka ule wa mwani wa Micheweni."

Beringi ya 205 inaingia shafti ya milimita 25. Ya 206 inaingia ya 30. Tofauti yake ni milimita 5. Siku ile ya simu kulikuwa na 206 moja tu, iliyobaki kwenye matengenezo ya mashine nyengine, ikafungwa upande mmoja, na upande wa pili ukakosa. Na mimi nilikuwa naendelea kununua 205 kwa uaminifu kabisa, kwa sababu orodha ilisema hivyo, nikijisifu kwamba stoo yangu haipungukiwi. Nilikaa kimya pale mkekani kwa muda. Magunia 11 yalitoka kwenye badiliko zuri, badiliko lililofanywa na fundi bora niliyewahi kumwona, ambalo halikuandikwa popote.

Tukakaa. Akaletewa kahawa. Halafu akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo tangu asubuhi: "Sasa mwanangu, ukishaniandika mpaka bolti ya mwisho, mtanitaka wa nini?"

Hilo ni swali la haki, na kila anayeleta mfumo kwenye karakana lazima ajiandae kulijibu kwa moyo mweupe. Mtu amekusanya ujuzi wake kwa miaka 40 ya moto na chuma. Unamwambia autoe wote Jumamosi moja, uingie kwenye kompyuta asiyoishika. Ukimpuuza atakupa orodha, lakini atakupa nusu yake, na hutajua ni nusu ipi.

Nikamwambia ukweli kama nilivyouona. Karatasi inasema 206, haisemi kwa nini. Kesho akija kijana akaona 205 ni rahisi kidogo, atairudisha, na mashine zitaanza kutetema tena. Tukakubaliana kwamba kila badiliko litakuwa na toleo lake lenye namba, tarehe, sababu yake kwa maneno yake mwenyewe, na jina la aliyeamua. Programu ina nafasi ya hayo yote. Wengi huiacha tupu. Toleo la 3 la mashine ya mwani lina jina lake, na sababu imeandikwa hivi: "Shafti 30 kwa sababu mwani mbichi hupiga upande mmoja." Nilimchapia ile karatasi. Ameibandika juu ya meza yake.

Baada ya hapo hakuwa tena mtu wa kuulizwa. Alikuwa anakuja mwenyewe. Ndiye aliyenieleza tone la rangi nyekundu. Anapomaliza kukaza nati za nyumba ya beringi hutia tone dogo la rangi, nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma. Nati ikilegea, mstari wa rangi unakatika, na mwenye mashine anaona kwa macho kabla hajasikia mlio. Miaka mitano nilikuwa naona yale matone nikidhani ni rangi iliyodondoka. Sasa yamo kwenye orodha ya kazi, kama hatua ya mwisho kabla ya majaribio, na akina mama wanaopewa mashine wanafundishwa kuyatazama kila Jumatatu.

Kuna mahali programu inakosea, na lazima uijue inakosea wapi. Fremu ya mashine ina vipande vinne vya bomba la mraba, mita 1.7 kila kimoja. Mashine 6, vipande 24, jumla mita 40.8. Bomba linauzwa mita 6. Programu ikagawa, ikasema nunua mabomba 7. Fundi akatikisa kichwa. Bomba moja linatoa vipande vitatu tu, kinachobaki ni sentimita 90, na sentimita 90 mbili huwezi kuziunga ukazifanya mguu wa mashine inayotetema. Yanatakiwa 8. Tulichofanya ni kuacha kuandika mita. Tuliandika kwamba kipande cha fremu kinatumia theluthi moja ya bomba, na kila mabomba yakikatwa, vile vya sentimita 90 vinarudi stoo na namba yake. Nitavirudia.

Sasa nije kwenye bahari.

Hesabu ya vitu ni nusu tu. Nusu ya pili ni siku. Mfumo huu huanza na tarehe ya kukabidhi, kisha hurudi nyuma. Mashine inatakiwa Micheweni 1 Oktoba. Bandari na safari, siku 5, kwa hiyo iondoke karakana 26 Septemba. Rangi na majaribio, siku 3. Kuunganisha, siku 6, kwa hiyo kila kitu kiwe mezani 17 Septemba. Beringi za Dar es Salaam zinachukua siku 6, ziagizwe 11 Septemba. Mota tunazozitaka sisi, zilizofungwa vumbi la chumvi lisiingie, zinatoka China kwa kontena, tumeziwekea siku 75. Rudi nyuma siku 75 kutoka 17 Septemba. Unafika 4 Julai.

Nilipoiona tarehe ile kwenye kioo mara ya kwanza nilimwita tajiri aje atazame. Oda za msimu tulikuwa tunazipokea Agosti, tunaahidi Oktoba, kisha tunapigana na dunia nzima. Hatukuwa wavivu wala waongo. Tulikuwa tumeshachelewa kabla mteja hajaingia mlangoni.

Kwa mtu wa kisiwani, siku za baharini ni malighafi kama bamba na bomba. Zinatumika, zinakwisha, na ukizikosa mashine haitoki. Tofauti yake ni kwamba haziwekwi rafuni, kwa hiyo hakuna anayezihesabu. Na zaidi ya hapo hazina kipimo kimoja. Programu imetengenezwa na watu wa barabara na reli: kila muuzaji na kila njia ina kisanduku kimoja cha siku, andika namba, basi. Sisi tuna pepo mbili. Wakati wa kaskazi na wa maleleji, yaani utulivu wa kati ya pepo hizo, mzigo wa bandari za Pemba, Mkoani au Wete, ninauandikia siku 4 au 5. Kusi likikaza, kati ya Juni na Agosti, mkondo wa Pemba hauna mzaha, chombo kinaweza kukaa Malindi wiki nzima kikingoja. Kijana wetu wa kompyuta alitaka niweke wastani. Nilikataa. Wastani ungekuwa uongo mwaka mzima: miezi ya utulivu tungekaa na mali bure, miezi ya kusi tungechelewa. Kwa hiyo kisanduku hicho nakibadilisha mwenyewe kwa mkono, mara nne kwa mwaka, baada ya kuwapigia simu manahodha wawili. Nahodha hajui kwamba neno lake linahamisha tarehe ya kuagiza beringi Gerezani, Dar es Salaam, lakini ndivyo ilivyo.

Kuna jambo la wakati wa kuuwasha mfumo, nalo wengi hulidharau. Mwaka 1999 kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani iliwasha mfumo mpya uliogharimu dola milioni 112. Kazi iliyopaswa kuchukua miezi 48 ilibanwa ikawa 30, na ikawashwa Julai, wakati maduka yanaagiza peremende za sikukuu yao ya mwisho wa Oktoba. Chokoleti ilikuwepo maghalani, lakini mfumo haukuweza kuitoa, na oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikufika kwa wakati. Mali ipo, mteja hana. Mimi niliposoma hilo niliona beringi zangu za 205. Tukakubaliana na tajiri kwamba sisi tutauwasha Aprili, masika yamepamba, mashamba hayapitiki na oda ni chache. Na kwa miezi mitatu niliandika mara mbili, kwenye leja na kwenye kompyuta, na kila Alkhamisi jioni nikalinganisha. Wiki ya kwanza zilitofautiana mahali 31. Wiki ya mwisho, mahali 2.

Umeme nao. Tajiri hasahau Unguja ilivyokaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya chini ya bahari ilipoharibika, na mwaka mmoja na nusu tu kabla yake tulikaa karibu mwezi mzima, Mei na Juni 2008. Alichomelea kwa jenereta miezi ile yote. Waya mpya ulikuja 2013 na hali si ile, lakini aliweka sharti: kila Alkhamisi kazi za wiki inayofuata zichapwe kwenye karatasi, na nakala ya kumbukumbu zote iwekwe kwenye diski nyumbani kwake. Nililiona zuri na bado naliona zuri.

Fedha nitazigusa kidogo tu, ingawa tajiri angesema ndizo kubwa. Mashine ya kukunia nazi ndiyo tuliyokuwa tukiiuza kwa wingi, tukiamini ndiyo inayotubeba. Tulipoiandikia orodha yake kamili, na saa za fundi, na vijiti vya kuchomelea, na mawe ya grainda ambayo hakuna aliyewahi kuyahesabia mashine yoyote, ikaonekana kila moja tunaiuza chini ya gharama yake. Kupandisha bei hatukuweza, wanunuzi wake ni mama lishe. Fundi mkuu akazunguka mashine ile siku mbili, kisha akaipunguza miguu. Ilikuwa na miguu ya mita 1.1. Akaifanya ya sentimita 85, mtumiaji akae kitako badala ya kusimama, na kwa nini 85? Kwa sababu stoo kulikuwa na vile vipande vya sentimita 90, kila kimoja na namba yake, vinangoja. Miguu ya mashine ya nazi sasa hatuinunulii bomba hata moja.

Mwaka jana mashine mbili za mwani zilirudi, zote za Unguja, beringi zinanguruma baada ya miezi miwili. Fundi akazipasua, akanionesha mipira ya ndani: imechubuka kama jino bovu. Zilikuwa bandia, ndani ya boksi lililochapwa vizuri. Zamani tungeziomboleza hizo mbili, basi. Lakini kila mashine ina kibati cha namba, na kila beringi inayotoka stoo inaandikwa imeingia mashine namba gani, kutoka mzigo gani. Nikauliza mfumo: mzigo ule umeingia wapi kwengine? Zikaja namba tatu. Moja Jambiani. Moja Wete. Ya tatu ilikuwa Micheweni, kikundi kilekile, mashine yao ya pili.

Safari hii niliyepiga simu ni mimi.

"Bi mkubwa, ile mashine mpya msiiwashe tena. Fundi yuko ndani ya boti, anakuja na beringi mbili, kesho asubuhi atakuwa kwenu."

Akanyamaza. "Mbona inasaga vizuri, mwanangu? Asubuhi tumesaga magunia mawili."

"Najua. Nenda karibu nayo, kisha nisomee kibati."

Nikasikia hatua zake, kisha mlango wa ghala, kisha sauti za wenzake wakimuuliza nani huyo. Akaanza kunisomea, tarakimu moja moja, nami nafuata kwa kidole kwenye kioo.